Kifua cha Kukodi

…na baridi yenyewe si ya kumtisha mwanamume, ni bamba tu la chuma lililofungwa ukutani, ukubwa wa sinia la pilau, na yeye Mahad, aulizwe yeyote pale Masese, Jinja, ameogelea Nile alfajiri maji yakiwa bado yamejifunika ukungu, akazama, akashika pumzi mpaka wenzake wakaanza kugawana nguo zake ufukweni, hakutetemeka, leo atetemeshwe na kibamba cha kliniki ya Malukhu, thubutu, kilichomtikisa ni kikohozi, kimoja tu, kidogo, cha mtu aliyemeza mate vibaya, kila mtu hukohoa, hata mbuzi… ila yule dada wa mashine alikuwa ameshabonyeza kidude chake nyuma ya ukuta, mashine ikalia, picha ikatikisika, na sasa "baki hapo hapo, bwana Ouma, usitoke, mimi narudia," ndiyo maana bado amesimama hivi, kifua wazi, kidevu juu ya bamba, mikono kiunoni, viwiko mbele, kama jogoo aliyepanda ukuta awike akasahau alichotaka kusema, bwana Ouma, haya, bwana Ouma ndiye nani, ni yeye, mpaka atoke mlango ule ni yeye, usijisahau we Mahad, wewe ni Ouma, dereva wa lori, Mkenya, umri arobaini na sita, na Ouma wa kweli, mwenye miaka yake na tumbo lake na kikohozi chake cha wiki nzima, yuko nje kwenye benchi, barakoa mbili usoni, anapiga soga na askari wa getini kama aliyemsindikiza mgonjwa, sauti yake inaingia dirishani, "mimi huyu jamaa nimemwambia aache sigara, hasikii," mshenzi huyo, Mahad hajavuta sigara hata moja, anamchafulia jina, ingawa jina lenyewe ni la Ouma, basi anajichafua mwenyewe, acha acheke.

Na usifikiri ni wizi, maana kuna watu wakisikia wataita wizi, ni kazi, tena kazi ya kipaji, kwa sababu Hajati Shamira wa Jinja, mwenye malori, amesema tangu ugonjwa urudi na nguvu mpya dereva yeyote anayekohoa hagusi ufunguo mpaka alete picha ya kifua, vile vijiti vya puani havitaki, majibu yake yanachelewa na yanabadilika kama hali ya hewa, kifua ndicho hakidanganyi, "nataka mbavu, Ouma, sitaki hadithi," hivyo ndivyo alivyomwambia kwenye simu, na sauti ikasikika uwanja mzima wa malori, na mchele umeshapakiwa, na njia zote zimefungwa isipokuwa kwa mizigo, na Ouma asipoendesha yeye ataendesha mwingine, na ng'ambo ya Busia kuna watoto wanaomwangalia, basi Ouma akamgeukia tanboi wake, utingo wa lori, yaani Mahad, akamtazama kifuani kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani, akasema, "wewe kijana, hiyo kifua si ulimkodishia Faizal?", kwa sababu habari za dereva yule zilishaenea, kifua hakina sura, hilo ndilo Mahad aligundua kabla ya wasomi wote, usoni watakujua, kidoleni watakujua, lakini mbavu, nani aliwahi kutambuliwa kwa mbavu, ukishaandikwa jina kwenye kona ya picha wewe ndiye huyo, na malipo ni nusu kuku na chipsi, anakula aliyetoa kifua, na Mahad alikuwa na njaa ya sifa kuliko ya kuku, akasema twende mzee, hiki kifua kimejengwa na Nile, hata Hajati akikiona atataka kukiweka kwenye fremu… na kweli alipoingia hapa alikuwa akinguruma, dada alimsomea kadi, mwanamke mwembamba, miwani juu ya barakoa, kibandiko kinasema Nafuna, "wewe miaka arobaini na sita?" "ndiyo, dada," "unakaa mtoto," "kwetu tunakula omena, dada, omena haiachi mtu azeeke," akiivuta sauti kama Ouma, akiiburuta kama Mkenya, na Nafuna akacheka, macho yake yakacheka juu ya barakoa, "basi nikuje huko, mimi nazeeka bure hapa Mbale," alicheka kabisa, hilo Mahad analikumbuka vizuri, alicheka kabla ya picha.

Baada ya picha hakucheka. Baada ya picha alikwenda kwenye kile chumba kidogo pembeni, mlango ameuacha nusu wazi, akainama mbele ya kioo chake cha kompyuta, akaondoa miwani, akaipangusa kwa koti, akaivaa tena, akakaa kimya, na ukimya wa mtu anayetazama ndani yako, loo, huo ni ukimya wa aina yake, Mahad amezoea wanawake wamtazame nje… halafu akatoka, akafungua droo, akavaa barakoa ya pili juu ya ile ya kwanza, polepole, kama mtu anayefunga mlango asimwamshe mtoto, akamkumbusha asitoke, akarudi ndani, akashika simu. Na Mahad kidevu kiko juu ya bamba lakini macho hayajafungwa na mtu, akayapeleka pembeni mpaka yakauma, na pale kwenye mlango nusu wazi akakiona kioo, na kwenye kioo mtu, mtu asiye na kichwa, mbavu zake zimepangwa kama ngazi pande mbili, moyo katikati umelala ubavu, na jina juu kwenye kona, na chini, pande zote mbili, kule pembeni karibu na mwisho wa mbavu, weupe. Si weupe wa mfupa. Weupe wa maziwa yaliyomwagwa kwenye chai ya rangi kabla hujakoroga, yanatanda yanavyotaka… ni kutikisika, akajiambia, si amesema picha imetikisika, ukipiga picha ya mtu anayekimbia unapata wingu, ni hilo hilo, lakini mbavu kwenye picha zimenyooka kabisa, mbavu hazikutikisika, itakuwaje mtu mbavu zisimame na wingu litembee.

Kwa sababu yeye anajua kusoma picha, hilo hakulisomea, aliacha shule darasa la sita kwa hiari yake, mwalimu alimwambia bado mapema akamwambia mwalimu bado wewe, lakini picha alifundishwa na yule mzee wa mashine kule Jinja, siku ya Faizal, mzee aliinyanyua filamu dirishani akasema, "tazama, Faizal, nyeusi ndiyo nzuri, nyeusi ni hewa, wewe mapafu yako meusi kama chungu cha bibi, nenda kazini," na Mahad aliyekuwa Faizal siku ile alijiona amependeza kuliko picha yoyote aliyowahi kupigwa, nyeusi juu mpaka chini, nyeusi ya usiku usio na mwezi, aliibeba mwenyewe kwenye bahasha, akaionyesha kwa wauza chapati, na Faizal wa kweli aliyekuwa akimsubiri nje ya lango akamkumbatia, akamkoholea shingoni, "mdogo wangu, umeniokoa," akaituma picha kwa Hajati, akapewa ufunguo, na wakaondoka Jinja pamoja, mvua ya Mei, Iganga mvua, barabara ya Tirinyi mvua, vioo vimefungwa mpaka juu, ndani mvuke kama jikoni, Faizal anakohoa kwenye taulo na anacheka, anakohoa na anacheka, "mimi nina mapafu ya kijana sasa, wewe umebaki na yangu, tumebadilishana," na Mahad akapiga dashibodi kwa kicheko, akasema mzee yatunze hayo yangu usiyazoeze pombe… alicheka mdomo wazi, vioo vimefungwa, tangu Jinja mpaka Mbale.

Hapana, mtu huwezi kushika mafua kwa kucheka. Faizal yuko Jinja, kitandani, na mpira wa hewa puani, hilo ni kweli, lakini Faizal ana umri, ana sukari, ana mambo yake, na mkewe Namwase alipiga simu juzi, "shemeji Mahad, hebu nisaidie, ile picha si ilitoka safi?", "safi kabisa, shemeji," "sasa daktari ameweka ile ya kwanza na hii ya leo pamoja, anatikisa kichwa, anasema mtu hageuki hivi kwa siku chache, ananiuliza kama ni mtu mmoja," na Mahad akiwa amejiegemeza kwenye tairi anakula muwa akasema, "mashine za siku hizi mbovu, shemeji, usimsikilize," akatema kapi, akasema tena, "mwambie alale vizuri," na muwa ule haukuwa na utamu, sasa ndiyo anakumbuka, alidhani ni muwa mbaya, alimtukana hata aliyemuuzia.

"…ndiyo, daktari…" sauti ya Nafuna inatoka nusu nusu, Kiingereza kile cha hospitali chenye viatu vya kisigino, Mahad anakidaka anapoweza, neno moja linaingia matatu yanapita, "…pande mbili, ndiyo… chini, huku nje… hapana, mwenyewe amesimama vizuri, anatania hata…", anatania hata, anasemwa yeye huyo, mbona anasemwa kama marehemu, "…kama vile vya jana, vile vinne…", vile vinne ni nini, watu au picha, "…dereva, Mkenya, arobaini na sita…", na hapo Mahad karibu acheke kwa sauti, maana njia ilikuwa wazi mbele yake kama barabara ya Jumapili, huyo anayesemwa si yeye, ni Ouma, limeandikwa pale kwenye kona, weupe ni wa Ouma, maziwa ni ya Ouma, ugonjwa umeshapata mwenyewe na jina lake na umri wake, wewe vaa shati, toka, mwambie mzee mambo yameharibika, kata kona ya Malukhu uingie kwenu Namatala, nani atakufuata, kwani nani anamjua Mahad hapa, hakuna karatasi hata moja katika jengo hili yenye Mahad, hakuja leo, hakuwahi kuja, yuko zake nyumbani mzima… na watakaokuja na gari na mavazi meupe watamchukua Ouma, watamlaza katikati ya wale wanne wa jana, na Ouma ataapa kwamba si yeye, na watamwambia kila mgonjwa husema hivyo, na pengine Ouma hana chochote, pengine ni vumbi tu la pumba za mchele, wiki nzima anapakia mchele nani asiyekohoa, atalala pale na kifua chake kizima akivuta pumzi za wagonjwa mpaka afanane na picha. Na Hajati ataambiwa. Na ufunguo. Na wale watoto.

"Oyaa, Ouma," Ouma akamwita dirishani, kwa furaha ya mtu anayejiita mwenyewe, "umelala huko? Kwani wanakuchora na kalamu?" askari akacheka, Ouma akaendelea, "huyu jamaa anapenda picha, sasa hivi ataomba nyingine amekaa kwa kiti," na Mahad akafungua mdomo amrudishie, ana majibu, Mahad hajawahi kukosa jibu, jibu lilikuwa hapa ulimini, kitu kuhusu tumbo la Ouma na mashine ya kupimia magari, lakini alipovuta pumzi ya kulisema pumzi ikaishia njiani, juu juu tu, kama ndoo inayogonga maji haijafika chini, akavuta tena, ikaishia pale pale. Tangu lini. Tangu jana alipobeba gunia akaketi juu yake akasema anafikiria. Tangu juzi alipopanda ngazi ya lori akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Ni chumvi ndiyo ilipaswa kumwambia. Ijumaa ile alipofika kutoka safari iliyofuata ile ya Faizal, mama yake amepika dagaa, mukene, wale ambao ukiwakaanga Namatala nzima inajua umepata riziki, na yeye akaingia akasema leo vipi, umepika maji, akaweka kijiko chini, "mama, umeanza kuzeeka, mchuzi hauna chumvi," na mama yake, Kagoya binti wa Buwenge, mwanamke asiyependa kuambiwa jambo la jikoni, akaongeza, akaonja, akasema ipo, akasema haipo, akaongeza kwa hasira, akamwita jirani Lukman aamue, Lukman akatia tonge mdomoni akatema pale pale mlangoni, "mama Mahad, unataka kukausha samaki au mtoto?", na watu wakacheka, na Mahad ndiye aliyecheka zaidi, akala sahani nzima mbele yao, kwa maringo, akiramba vidole, "nyinyi ndimi zenu za kizungu," hakusikia chumvi, hakusikia dagaa, alikula kama anayekula joto tu, na usiku wakalala kama walivyolala siku zote, chumba kimoja, pazia katikati, pazia la kitambaa cha khanga kinachopepea mtu akigeuka, na asubuhi mama akakohoa, mara mbili, na Mahad akamwambia kwa upande wa pili wa pazia, "hiyo ndiyo chumvi yako inakurudi"… mara mbili. Akijitahidi kukumbuka zaidi hakumbuki kama zilikuwa mbili au alilala tena.

Nafuna amerudi. Amesimama mbali kidogo kuliko mwanzo, amenyoosha mkono mrefu akambana kidoleni kidude kama kibanio cha nguo, kina taa nyekundu, akakisoma, hakusema kimesema nini, akakitoa, akakipangusa mara mbili. "Bwana Ouma, pumzi unapata?" "Napata, dada." "Kichwa?" "Kiko." Hakucheka. "Chakula unasikia ladha?" "Inategemea mpishi," akasema, na alisikia mwenyewe jinsi ilivyoanguka sakafuni, na Nafuna akamwangalia tu, macho yamechoka, macho ya mtu aliyeona vifua vingi wiki hii kuliko nyuso, halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuuliza kama mvua imenyesha huko ulikotoka, "na usiku wewe unalala na nani?" na Mahad, mwenye jibu siku zote, akajibu bila kufikiri, akajibu kama Ouma, maana Ouma hulala kwenye lori, godoro nyuma ya kiti, redio kichwani, "peke yangu, dada, kwenye gari," "hakuna mtu?" "hakuna," "basi afadhali," akasema Nafuna, na pumzi ikamtoka chini ya barakoa mbili, pumzi ya mtu aliyepunguziwa mzigo, "afadhali, maana hii inaenda kwa watu wa nyumbani kwanza, wazee ndio inabeba," akaandika. Akaandika kwamba hakuna mtu. "Sasa narudia picha ya mwisho, daktari anataka safi. Usikohoe. Mimi nasema, wewe unashika." Na viatu vyake vikaelekea nyuma ya ukuta.

Hakuna mtu. Mama yake ameandikwa hakuna mtu… na ana pafu moja, Mahad analijua lile pafu, analijua kuliko anavyolijua la kwake, maana zamani kabla hawajahamia Masese, na kisha Namatala, kule Buwenge kwa bibi, mama yake aliugua kifua kikuu akanywa dawa mwaka mzima, na picha yake ilikaa chini ya godoro, filamu ya kweli, ngumu, inayolia ukiikunja, na siku ile mwezi ulipolila jua alasiri, watoto wakikatazwa kutazama juu, Mahad akakumbuka kwamba kitu cheusi kinapunguza makali, akaichomoa, akaenda nayo sokoni, akapanga foleni, kipande cha muwa kwa kila atazamaye, tayari mfanyabiashara, na watoto wa Buwenge wote wakalitazama jua kupitia mbavu za mama yake, mmoja mmoja, upande wa kulia ambako kulikuwa kweusi jua lilionekana zuri, limemegwa kama andazi, lakini mmoja akaishika vibaya akatazama upande wa kushoto, akafunika macho akilia, "huku kumetoboka, jua linaniuma," kwa sababu huku hakukuwa na weusi wa kutosha, huku ugonjwa ulikuwa umekula ukaacha ukungu na makovu, na ndipo mama yake akatokea, Mahad akajua leo ni fimbo, lakini mama akajipanga mwisho wa foleni, akasubiri zamu yake, akaipokea filamu, akainyanyua, akatazama jua ndani ya kifua chake mwenyewe muda mrefu mpaka jua likaanza kurudi, akasema, si kwa Mahad wala kwa yeyote, "kumbe ndivyo ninavyopumua, na hiki kidogo," halafu ndipo akampiga. Hakumpiga sana. Akamnyang'anya na muwa, wakala wote njiani.

Na hiki kidogo, na hiki kidogo, na yeye amelala upande wa pili wa pazia akimcheka… atamwambiaje sasa, na akisema hapa Ouma amekwisha, huyo nje anayecheka na askari, amekwisha leo leo, Hajati hatasikia hadithi, na Ouma atamwita Mahad mwizi na msaliti kwa Kijaluo na Kiswahili na Kiganda, na atakuwa na haki katika lugha zote tatu, na uwanja wa malori hautamtaka tena, na Namwase atajua, huyo ndiye mbaya kuliko wote, Namwase ataunganisha, atauliza kwa sauti ile ile ya upole, shemeji, kumbe ulikuwa wewe, na daktari wa Faizal atapata jibu la swali lake… na akinyamaza ni rahisi, kunyamaza hakuna kazi, akinyamaza atarudi nyumbani leo, mama atakuwa amepika, atamwekea sahani mbele, watalala, pazia litapepea. Mara mbili, au tatu. Nani ataenda kumtafuta mtu ambaye hayupo? Kifua hakina sura, alisema yeye mwenyewe, alijisifu nalo uwanja mzima, na lile wingu kwenye kioo lilikuwa bado pale, linamtazama kwa pembe ya jicho, halina sura kweli, lingeweza kuwa la Faizal, lingeweza kuwa la yeyote wa jana, wiki ijayo lingeweza kuwa la Kagoya, na kwake halitapata mahali pa kuanzia pembeni, litakuta pafu moja litalijaza kama mtu anavyomimina kikombe. Bamba limepata joto, hakujua limepata lini, joto lake yeye, limechukua homa yake aliyokuwa akiiita jua la mchana.

"Haya, bwana Ouma," sauti ya Nafuna nyuma ya ukuta, "vuta pumzi, vuta, vuta yote," na yeye akavuta, kijana wa Nile, akavuta kile kilichokubali kuingia, kikafika pale pale pa siku zote hizi kikagoma, "sasa shika, usitoe," na akakishika, kidogo kile, kinamwasha, kinamkwaruza, kinataka kutoka kama kikohozi, na mashine ikaanza kulia taratibu kama inayojikusanya, na Mahad akakiachia chote, lakini si kwa kukohoa, midomo yake juu ya chuma, na sauti iliyotoka haikuwa ya kuburuta, haikuwa ya Mkenya, ilikuwa ile ya nyumbani, "nalala na mama," akasema, "dada, nalala na mama yangu, chumba kimoja," "usiongee, bwana Ouma, unaharibu tena," "pafu lake ni moja, dada, Namatala, nyuma ya msikiti, anaitwa Kagoya, Ijumaa alikohoa," na nje Ouma alikuwa anasimulia kitu, askari anacheka, na Mahad hakutoka kwenye bamba, hakuambiwa atoke, kidevu juu, mikono kiunoni, "andika huyo kwanza," akasema, "mimi nitakwambia naitwa nani, lakini andika huyo kwanza."